Tumjue Usubi kwa Mwili Wake, Si kwa Jina Tu

MAONI YA MHUDUMU WA AFYA WA KUJITOLEA



Katika mafunzo ya afya tunayotoa kwenye bloku zetu tunasema sana juu ya mbu. Ni haki, kwa sababu Nchelenge ni moja ya wilaya za Zambia zenye malaria nyingi kabisa. Lakini kuna mdudu mwingine ambaye wengi wetu tumemwacha nyuma mtoni, huko Kongo, na tunadhani kwamba yeye pia ametuacha. Huyo ni nzi mdogo mweusi anayeuma, ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita usubi. Ndiye anayeleta ugonjwa wa upofu wa mtoni.

Maoni yangu leo ni mawili. Kwanza, sisi wahudumu tufundishe mwili wa usubi sehemu kwa sehemu, kama tunavyofundisha habari za mbu. Pili, kila mtu anayetoka Kongo na kupokelewa upande huu wa Mweru aulizwe kama alikaa karibu na mto wenye maji ya kasi. Nitaeleza kwa nini mambo haya mawili ni jambo moja.

Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema: "Mkimbizi anataka unga, sabuni na turubai. Mambo ya mdomo wa nzi na tumbo la nzi yatamsaidia nini?" Mimi nasema yatamsaidia sana. Mtu akiambiwa tu "jikingeni na wadudu", atatundika chandarua na kulala akidhani amemaliza kazi. Akiujua mwili wa usubi, atajua mwenyewe kwamba chandarua hakimzuii mdudu huyu.

USUBI ANAFANANAJE?

Usubi ni mdogo, urefu wake ni milimita 2 hadi 4 hivi, mdogo kuliko punje ya mchele. Rangi yake ni nyeusi au ya moshi. Usimchanganye na mbung'o, ambaye ni mkubwa kama nzi wa nyumbani au kumpita. Wala usimchanganye na wale wadudu wadogo wanaokuja kwenye taa usiku na kuanguka ndani ya sahani. Usubi anauma mchana.

Kama wadudu wote, ana sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo, na miguu sita. Ukimtazama kwa ubavu utaona amepinda mgongo kama mtu aliyebeba gunia. Kifua chake kimeinuka juu na kichwa kimeshuka chini. Miguu yake ni mifupi na minene, si mirefu kama ya mbu. Mabawa yake ni mawili, mapana, yanapitisha mwanga, na hayana magamba. Mishipa minene ya bawa iko upande wa mbele, nayo inampa nguvu ya kuruka mbali. Kwa kawaida hukaa kilomita chache kutoka mtoni, lakini huko Afrika Magharibi imeonekana kwamba upepo unaweza kumpeleka mamia ya kilomita.

Vipapasio vyake ni vifupi, vimejengwa kwa vipande 11 vilivyopangwa kama shanga, bila manyoya marefu. Macho ni makubwa. Kwa dume, macho mawili yanakutana juu ya kichwa. Kwa jike yametengana. Jambo hili lina maana kwetu, kwa sababu dume haumi mtu, yeye anakunywa maji matamu ya maua. Jike naye anakunywa hayo maji matamu, lakini anahitaji damu ili mayai yake yakomae.

MDOMO UNAOKATA

Hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Mbu ana mdomo mrefu kama sindano. Anaupenyeza ndani ya ngozi mpaka kwenye mshipa mdogo, anavuta damu na kuondoka. Usubi hana sindano. Mdomo wake ni mfupi na mpana, na ndani yake mna visu viwili vyenye meno kama msumeno, vinavyokata kama mkasi. Pembeni kuna vyuma vingine viwili, kama tukiviita hivyo, vyenye meno yaliyoelekea nyuma. Hivyo vinashika ngozi ili kichwa kisiteleze. Ngozi ikikatika, damu inajaa mahali pale kama kidimbwi kidogo, na usubi anainywa kwa dakika kama nne au tano.

Wakati huo anatia mate. Mate yake yanazuia damu isigande, yanapanua mishipa, na yanatia ganzi. Ndiyo sababu mara nyingi husikii anapouma. Baadaye unaona doa dogo la damu, kisha sehemu inavimba na kuwasha. Mara nyingi ni kwenye kifundo cha mguu na muundi, maana usubi wa Afrika anapenda kuuma chini. Na kwa sababu anauma chini, vile vinundu vya minyoo kwa watu wa Afrika huonekana zaidi kwenye nyonga, kiuno na miguu kuliko kichwani.

Karibu na mdomo wake kuna viungo vidogo viwili vinavyonusa hewa tunayoitoa puani. Kwa hiyo usubi hakufuati kwa sababu wewe ni mchafu. Anakufuata kwa sababu unapumua. Aibu haina nafasi hapa.

Sasa angalieni jinsi mdomo huu unavyoeleza ugonjwa. Watoto wa minyoo ya upofu wa mtoni hawakai katika damu. Wanakaa katika ngozi. Mdomo unaochana ngozi unawaokota, lakini sindano ya mbu inapita tu. Ndiyo maana mbu haenezi ugonjwa huu. Na ndiyo maana ukichomwa kidole kupimwa malaria, kipimo kile hakiwezi kuonyesha minyoo hii hata kama unayo mingi. Inabidi daktari achukue kipande kidogo sana cha ngozi na kukitazama kwa hadubini. Mtu anayesema "nilipimwa damu, nikaambiwa sina kitu" hajapimwa ugonjwa huu.

KIFUA NI CHUMBA CHA MINYOO

Usubi akinywa kutoka kwa mgonjwa, watoto wa minyoo wanaingia tumboni mwake. Wengi wanakufa humo. Wachache wanatoboa tumbo na kwenda kifuani, ndani ya misuli mikubwa inayopiga mabawa. Huko wanakua kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo, kisha wanahamia kichwani karibu na mdomo. Usubi akiuma tena, wanatoka na kuingia katika mtu mwingine.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, usubi aliyetoka majini leo hana minyoo. Mwenye hatari ni yule mkubwa aliyekwisha kuuma mtu mgonjwa na kuishi siku za kutosha. Kuumwa mara moja hakukufanyi kipofu. Ugonjwa mzito unatokana na kuumwa mara nyingi, mwaka hadi mwaka. La pili, bila mtu mgonjwa usubi hana kitu cha kubeba. Aliye na minyoo akitibiwa, anawakinga majirani pia.

Uhusiano huu wa nzi na minyoo haukujulikana zamani. Theobald alimpa mdudu huyu jina la kitaalamu Simulium damnosum mwaka 1903, na neno hilo la pili maana yake ni mwenye kuleta hasara. Lakini ni mwaka 1926 tu Blacklock, huko Sierra Leone, alipoonyesha kwamba ndiye anayebeba minyoo. Na kwetu Kongo, daktari wa macho Jean Hissette aliandika mwaka 1932 kuhusu macho ya watu walioharibiwa na minyoo hii kandokando ya mto Sankuru. Kwa hiyo jambo hili ni la kwetu tangu zamani, halikuletwa na vita.

MABUU YANAYOPENDA MAJI YA KASI

Jike hutaga mayai mamia kadhaa juu ya mawe, majani na matawi yaliyoguswa na maji yanayokimbia. Mabuu yanayotoka humo yana umbo la chupa ndogo, nyembamba juu na nene chini. Kwenye mkia kuna duara la vijindoano. Buu hutema uzi wa hariri, hutengeneza kibandiko kwenye jiwe, kisha hujishika kwa vijindoano hivyo. Maji yakimsukuma hang'oki. Akishtuka hujishusha kwa uzi wake, kama mvuvi aliyefunga mtumbwi kwa kamba.

Kichwani ana vipepeo viwili kama mafagio. Anavifungua ndani ya mkondo, maji yanapita, chakula kinanasa. Kwa hiyo hatafuti chakula, analetewa na mto. Maji yaliyosimama yakimzunguka atakufa njaa, tena hewa haitamtosha. Baadaye anajisokotea kifuko chenye umbo la kiatu, na humo pupa anapumua kwa nyuzi zinazotokeza nje kama mashavu ya samaki. Akikomaa anatoka ndani ya povu la hewa, anapanda juu ya maji na kuruka. Katika maji ya joto, kutoka yai hadi nzi ni kama siku 8 hadi 12.

Zile tezi zake za hariri zina faida nyingine. Ndani yake mna kromosomu kubwa kupita kawaida, na wataalamu huzitazama ili kutofautisha ndugu za damnosum ambao kwa macho wanafanana kabisa. Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za usubi, na nyingi hazibebi minyoo hii. Tukimwona nzi mweusi hapa tusipige kelele kwamba upofu umefika.

Kuna habari moja ya Kenya inayonifurahisha. Huko, aina nyingine inayoitwa Simulium neavei ilikuwa inapofusha watu, na watafiti walitafuta mabuu yake kwenye mawe na majani bila kuyapata. Mwaka 1950 van Someren na McMahon waliyakuta yamejishika juu ya migongo ya kaa wa mtoni. Kenya ilimwondoa usubi huyo kwa kutia dawa ya DDT mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Uganda nayo ilimmaliza usubi wa Nile karibu na Jinja mnamo 1973. Waliweza kwa sababu walijua anapokaa.

Sasa tulinganishe na mafundisho yetu. Tunawaambia watu wafukie madimbwi na kumwaga maji ya makopo. Hiyo ni kazi nzuri dhidi ya mbu, lakini usubi haumgusi. Yeye hakai kwenye dimbwi wala kwenye maji yaliyotulia ya ziwa. Mahali pake ni kwenye maporomoko na vijito vinavyokimbia kati ya mawe. Huko Uganda na Sudan Kusini wanajamii walijaribu kufyeka majani na matawi yanayoning'inia ndani ya maji ya kasi, na idadi ya usubi wanaouma ilipungua sana. Kazi kama hiyo inahitaji panga na umoja. Haihitaji sumu. Mtu yeyote asimwage sumu mtoni kwa kisingizio cha usubi. Samaki na maji ya kunywa ni vyetu wenyewe.

KWA NINI INATUHUSU SISI TULIO ZAMBIA?

Hapa ndipo penye uzito wa maoni yangu. Minyoo mikubwa ya ugonjwa huu inaishi ndani ya mtu miaka 10 hadi 15, imejikunja katika vinundu chini ya ngozi. Mtu anaweza kuvuka mpaka, kujenga nyumba, kuzaa watoto wawili hapa, na bado jike la mnyoo linazaa ndani yake. Kituo cha mapokezi cha Kenani kilianza kupokea ndugu zetu mwaka 2017 na makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018. Hesabuni wenyewe. Aliyeambukizwa mwaka ule kabla ya kukimbia anaweza bado kuwa na minyoo hai.

Kongo ilikuwa katika mpango wa APOC, uliofanya kazi katika nchi 20 za Afrika kuanzia 1995 hadi 2015. Wengi wetu tulipimwa kwa fimbo yenye alama na kumezeshwa Mectizan kijijini. Zambia haikuwa kati ya nchi hizo 20. Kwa hiyo muuguzi wa hapa, hata akiwa hodari, akiona ngozi inayowasha ana sababu ya kufikiri kwanza upele. Hatafikiria mto ambao hajawahi kuuona. Mwenye kumkumbusha ni wewe.

Kuna jambo kubwa zaidi. Katika kupambana na matende, yaani ule ugonjwa wa kuvimba miguu, nchi ambazo hazina upofu wa mtoni hutumia dawa ya DEC pamoja na albendazole. Zambia imetumia dawa hizo. Kwa mtu asiye na minyoo ya usubi DEC ni dawa nzuri. Lakini mtu mwenye minyoo hii akimeza DEC, watoto wa minyoo wanakufa kwa wingi na kwa ghafla ndani ya ngozi na macho. Anaweza kuwashwa vikali, kuvimba, kupata homa, presha kushuka, na macho kudhurika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halitaki DEC itumike mahali penye upofu wa mtoni. Sheria hiyo inaangalia mahali. Lakini sisi tumehama. Mahali pamebadilika, minyoo imebaki ile ile.

Sisemi watu wakimbie kampeni ya matende. La hasha. Nasema kabla ya kumeza, mwambie mgawaji: "Mimi natoka mahali penye usubi, tulikuwa tunapewa Mectizan." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa jicho. Vilevile, aliyetoka maeneo ya misitu na aliwahi kuona mnyoo ukitembea juu ya jicho lake, aseme hivyo kabla ya kupewa Mectizan, maana kwa watu wenye minyoo mingi ya jicho aina ya Loa loa hata Mectizan inaweza kuleta hatari kubwa.

Na kuna watoto wenye kifafa. Huko Mahenge, Tanzania, habari za watoto wanaotikisa kichwa ziliandikwa tangu miaka ya 1960, na tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kifafa kinakuwa kingi zaidi mahali ambapo usubi ni wengi na watu hawatibiwi. Hapa kambini bado nasikia kwenye foleni ya maji mama akiambiwa mtoto wake amerogwa, na wengine wanakataa mtoto yule kunywa kwa kikombe chao. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mtoto huyo anahitaji dawa ya kila siku na kuwekwa mbali na moto na maji marefu. Msimfiche ndani.

ISHARA NA DAWA

Njoo kituo cha afya ukiwa na mambo haya, hasa kama ulikaa karibu na mto wa kasi: kuwashwa mwili miezi mingi bila kupona kwa dawa ya upele, vinundu vigumu visivyouma kwenye nyonga, mbavu au kichwani, ngozi ya miundi yenye madoa meupe kama ya chui, ngozi iliyokauka na kukunjamana kama ya mzee wakati wewe ni kijana, macho mekundu, yanayoogopa mwanga au kuona ukungu. Kumbuka kwamba upele wa kawaida hupenda katikati ya vidole, huwasha zaidi usiku, na mara nyingi hushika nyumba nzima.

Mectizan, ambayo ni ivermektini, ilianza kutolewa bure na kampuni ya Merck mwaka 1987, na wagunduzi wake William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Inaua watoto wa minyoo katika ngozi, lakini haiui minyoo mikubwa. Ndiyo sababu hurudiwa kila mwaka kwa miaka mingi. Kipimo ni kwa urefu wa mtu, kidonge 1 hadi 4. Katika ugawaji hawapewi watoto chini ya miaka mitano au wafupi kuliko sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua wiki hiyo, na wagonjwa mahututi. Usitumie dawa ya ng'ombe au mbuzi hata kama jina ni lile lile. Kipimo chake si cha binadamu.

Ugonjwa huu unaweza kumalizika. Januari 2025 Niger ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuukomesha.

NINAYOOMBA

Kwa wakubwa wa afya: swali moja liongezwe wakati wa kumpokea mgeni. "Ulikaa karibu na mto gani, na ulikunywa Mectizan mara ya mwisho lini?" Jibu liandikwe kwenye kadi yake, ili aendapo kituo chochote lionekane.

Kwa wahudumu wenzangu: tuchore usubi kwenye karatasi kubwa, mdomo, kifua na buu lake, tuwaonyeshe watu. Wazee wetu waliovua kwenye Luvua na Lualaba wataongeza wanayoyajua kuliko sisi.

Kwa kila nyumba: chandarua kibaki kitandani kwa ajili ya malaria, kisiende ziwani kuvulia. Ukienda kulima au kufua kando ya kijito cha kasi, vaa nguo ndefu inayofunika miguu, ya rangi nyeupe nyeupe ikiwezekana. Na jioni ya leo, muulize baba au mama mzee aliyeko nyumbani kama anawashwa, kama anaona vizuri, na kama ana kinundu kwenye nyonga. Akisema ndiyo, mlete asubuhi. Sisi tupo.